Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafundi na Wenye Nyumba za Boriti, Mji Mkongwe

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Mafunzo ya mitungi ya kuzimia moto yalifanyika, usafi wa vichochoro ulifanyika, futari ya pamoja nayo ilifanyika. Mnayajua, sitayarudia.

Nitazungumzia ile mashine. Maneno yamejaa barazani kwamba Mwenyekiti kamaliza milioni 3 na laki 2 kwa kukodi mashine ya leza ya kupimia nyumba, pesa ambazo zingenunua mitungi. Kamati ilipitisha, kumbukumbu zipo. Wanaolalamika leo ndio ambao siku ile hawakuja.

Tulipima nyumba 2 zilizoshikana. Mashine ilisimikwa chumba baada ya chumba (ukumbini tulingoja kwanza mandazi ya mama mwenye nyumba yaishe kukaangwa), kisha kijana wetu akaunganisha vipimo kwenye kompyuta, nyumba zikaonekana nzima, boriti kwa boriti. Kumbe ule ukuta wa kati tunaousifu kwa unene, zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba zote mbili zimepeana mgongo ndani yake. Kilichobaki katikati ni upana wa kiganja. Na vichwa vya boriti za pande zote vimeingia humo humo, ndipo moto unapoweza kuvukia. Kwa futi ya fundi tusingeliona, maana nani hupima akiwa nyumba mbili kwa wakati mmoja?

Boriti yenyewe si adui. Kanuni za ujenzi za Ulaya hukadiria mbao ngumu huliwa na moto kama nusu milimita kwa dakika. Boriti ya sentimita 10, hata ikiungua pande zote nusu saa, hubaki na moyo wa sentimita 7. Ubao mwembamba wa ngazi umeshakwisha zamani. Gari la zimamoto halipiti vichochoroni, kwa hiyo dakika hizo ndizo roho zetu. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, tayari lilikuwa limeshapimwa kwa leza, na vipimo vikasaidia kulijenga upya.

Wazo lilikuwa langu, na nauli ya kijana nililipa mfukoni mwangu. Kompyuta iko kwangu kwa kuwa mlango wa ofisi hauna kitasa, basi.

Mkutano wa Juni walikuja 9 kati ya 41. Ada wamelipa 14, deni ni laki 8 na elfu 10. Futarini tulikuwa zaidi ya 60.

Mwakani, Inshallah, tutapima nyumba nyingine, na mitungi tutaiangalia mfuko ukiruhusu. Mshika fedha atakaa na kitabu cha risiti Jumamosi baada ya Alasiri.