Mhariri, eabegi za Takata zinatuhusu na sisi wa gari za mtumba

Mhariri salaam. Juzi taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu siku ya ajali, iliwaka kwenye dashibodi ikawa haizimi, nikapeleka kwa fundi, akaniambia boss achana nayo au nikuchomolee hiyo balbu kabisa. Nikacheka ila nilipofika home nikaanza kuchimba, ndo nikakutana na hii stori ya Takata, na kwa kweli usingizi uliruka.

Takata ni kampuni ya Japani, ilikuwa inatengeneza eabegi za magari ya kila aina. Baruti ya kujaza ule mfuko walitumia amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inachakaa, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi mpaka kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Sasa joto na unyevu, jamani, sisi wa Dar, Tanga na Mombasa si ndo kwetu!

Kilichonishangaza ni viwanda vyenyewe. Kile cha Moses Lake, Marekani, mashine ya kushindilia vidonge vya baruti ilikuwa na mfumo wa kukataa kidonge kibovu lakini mtu aliweza kuuzima kwa mkono, halafu kule Monclova, Mexico, vidonge viliachwa vikapigwa na unyevu. Jina moja kwenye boksi, viwanda viwili, kila kimoja na dhambi yake, na juu ya hayo ripoti za vipimo walizopelekewa waundaji wa magari zilichezewa. 2017 Takata wakakiri mahakamani Marekani, wakapigwa dola bilioni 1, mwaka huohuo wakafilisika. Honda walianza kuita magari, yaani kuyarudisha yabadilishiwe eabegi mbovu, 2008, kama 4,000 tu, mwishoni Marekani peke yake zikafika eabegi milioni 67.

Barua ya kuita gari inaenda kwa mwenye gari kule Japani, gari likishapanda meli barua hailifuati. Langu nimelicheki halimo, alhamdulillah, ila yadi nilikonunua nilipouliza walinitolea macho tu, na cheti changu cha ukaguzi kina breki, taa, matairi, hamna sehemu imeandikwa kama gari liliwahi kuitwa. Waandishi wako wawaulize wakaguzi, kwanini hicho kistari kisiwepo? Tovuti za waundaji wengi wa magari zinakubali namba ya chesisi, ni dakika mbili na bando kidogo.

Msomaji wako, Dar