Barua kwa wanangu wa deski la mauzo ya hatifungani (bondi)

Wanangu, habari za kazi. Naona wengi wenu mnaulizana chini chini tukitoka hapa twende wapi, na majibu mnayopeana ni yale yale, kasome MBA, au kawe meneja wa mfuko wa uwekezaji, basi. Mi naona mnaanzia pabaya. Kwanza jiulize unaondoka na nini, maana kinachowadanganya wauza bondi wengi ni zile simu kupokelewa. Mtu wa mfuko wa pensheni anapokea simu yako, sawa, ila anakupokea wewe au anaipokea benki yenye mtaji wa kumnunulia mzigo wake siku soko limekauka? Pitia wateja wako mmoja mmoja. Yule anayekuuliza unaonaje riba hata siku hana cha kununua wala kuuza, huyo ndo wako. Waliobaki ni wa kiti ulichokalia, yani wa benki.

Na kiti chenyewe kinapungua jamani. Baada ya msukosuko wa 2008 zikaja sheria za kimataifa za Basel III zinazoitaka benki iwe na mtaji zaidi kwa mali inayoshika, ndo maana benki hazipendi tena kukaa na bondi nyingi mkononi, afu oda ndogo ndogo zimehamia kwenye mitandao ya kuuziana bondi kama Tradeweb na MarketAxess ambako mteja anaomba bei kwa benki kadhaa kwa mpigo bila kumpigia mtu yeyote. Kwa hiyo anayetaka kuhama ahame akiwa bado na kazi.

Ukiniuliza mimi, mlango mzuri kuliko yote ni upande wa wanaokopa, yani timu za benki zinazoandaa hatifungani mpya, idara za fedha za makampuni yanayokopa sokoni, ofisi za serikali za kusimamia deni. Kule wanajua wanataka pesa kiasi gani, ila wengi hawajui kwa nini kampuni ya bima ya maisha inataka hatifungani ya miaka 20 wakati benki inataka ya miaka 2 au 3. Nyie mnajua, bima ina ahadi za kulipa mbali huko, benki inataka kitu cha kuuza haraka wenye amana wakija kuchukua pesa zao. Hilo mmelisikia kila siku mpaka mnaliona la kawaida, na si la kawaida hata kidogo.

Kwenye mifuko ya uwekezaji kazi ya kuwaelezea wateja bidhaa mtaipata bila shida sana. Umeneja wa mfuko au uchambuzi wa mikopo ni habari nyingine. Riba ikipanda asilimia 0.5, bondi yenye duresheni (kipimo cha bei inavyoyumba riba ikibadilika) ya 7 inashuka bei karibu asilimia 3.5, kama hesabu hiyo ulikuwa unamwachia treda, yule anayepanga bei, basi tulia kwanza usome, soma na masharti ya mikopo kipengele kwa kipengele. CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, inasaidia, ila ni mitihani ya ngazi tatu na haikupi kazi yenyewe.

Halafu mkataba, naomba sana, usome kabla hujaandika barua ya kuacha. Angalia bonasi ambayo hujalipwa inapotea au inabaki, unazuiwa kuwafuata wateja kwa miezi mingapi, na orodha ya wateja usijitumie kwenye imeili yako hata jina moja, wanaangalia. Wakikuweka nyumbani kipindi cha notisi na mshahara unaingia, hiyo miezi chukua ripoti za hesabu za makampuni matano uliyokuwa unauza bondi zake, uone kama wewe mwenyewe ungeyakopesha.