Yah: Malalamiko kuhusu kijitabu na ratiba ya ziara ya pwani, Marseille hadi Menton

Kwa: Meneja, Idara ya Huduma kwa Wateja
Kutoka: Kamati ya safari, kwa niaba ya wasafiri wa kundi la Agosti

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tunalalamikia kijitabu cha Kiswahili mlichotuuzia pamoja na kifurushi cha ziara ya pwani ya kusini mwa Ufaransa, na ratiba iliyofuata kijitabu hicho bila kukihoji. Hoteli zilikuwa safi na dereva alijali saa. Hayo hatuna neno nayo. Shida ni kwamba mwandishi wa kijitabu ameichukulia Mediterania kama ufukwe mmoja mrefu wa mchanga ulio wazi wakati wote: unashuka kwenye basi, unavua viatu, unaingia majini. Huku mambo si hivyo. Sehemu nyingi nzuri zina idadi maalumu ya watu kwa siku, zina siku za kufungwa kwa sababu ya upepo au hofu ya moto, na asiyeyajua hayo mapema hulipia mahali asipofika.

Tuanze na Calanques, zile ghuba nyembamba kati ya majabali ya chokaa baina ya Marseille na Cassis, maana huko ndiko fedha nyingi zilikopotea.

Mmeandika kuhusu Sugiton, moja ya ghuba hizo: "kuingia ni bure, wakati wowote". Bure ni kweli. Wakati wowote si kweli tangu kiangazi cha 2022. Katika siku zinazotangazwa za msimu wa joto, Hifadhi ya Taifa ya Calanques huruhusu watu 400 tu kwa siku, wakati zamani walikuwa wakifika hata 2,500. Hatua hiyo ina sababu ya msingi: nyayo zimekula udongo hadi mizizi ya misonobari imebaki nje, na mvua ikinyesha udongo uliolegea huishia baharini. Nafasi huombwa kwenye tovuti ya hifadhi, ambayo hufungua maombi saa 3 asubuhi, siku 3 kabla. Mtu mmoja huweza kuombea watu wasiozidi 8, na kila mgeni hupata msimbo wa QR wenye jina lake. Kwa kundi la basi zima maana yake ni watu kadhaa kukaa kwenye simu kwa wakati mmoja, kila mmoja na orodha yake ya majina. Ofisi yenu haikuomba hata nafasi moja. Walinzi waliwarudisha wasafiri njiani, na walikuwa na haki. Anayepita bila msimbo hutozwa faini ya euro 68.

Na hata misimbo ingekuwepo, kuna jambo la pili ambalo kijitabu hakilitaji kabisa. Kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba, mamlaka ya mkoa wa Bouches-du-Rhône hutoa kila jioni ramani ya hatari ya moto kwa siku inayofuata. Eneo likiwekwa rangi nyekundu, haliingiliki, hata kwa miguu, hata kwa aliyeshika msimbo wa Sugiton. Mkoa jirani wa Var una ramani yake. Kazi ya mpangaji safari hapa ni ndogo mno: afungue ramani jioni, na awe na mpango wa pili mfukoni. Siku yenye upepo mkali na ukavu ndiyo hufungwa, kwa hiyo mtu anayesoma utabiri wa upepo huwa ameshaanza kushuku siku mbili kabla.

Mpango wa pili wa kawaida ni mashua za ziara zinazotoka bandari ya Cassis, kwa sababu kufungwa kwa msitu hakuzuii kupita baharini. Nanyi mmezitaja, ila mmeongeza ahadi isiyokuwepo: eti mashua "itawashusha En-Vau mkaogelee". Mashua hizo hazishushi abiria kwenye Calanques. Huingia, hugeuza, hutoka. Mzunguko mfupi wa Port-Miou, Port-Pin na En-Vau huchukua kama dakika 45, na upepo ukizidi safari huahirishwa. Anayetaka kukanyaga ufukwe wa En-Vau huenda kwa miguu kutoka Port-Miou, au kwa kayak. Mteremko wa mwisho ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza hata yakiwa makavu. Wenye magoti mabovu wasipelekwe huko. Njia nzima haina maji ya kunywa, haina choo, haina pipa la taka, na kuvuta sigara ni marufuku. Lita 2 za maji kwa kila mtu ndiyo kima cha chini mwezi Agosti. Ukurasa wenu wa vitu vya kubeba umeorodhesha "kandambili na chupa ndogo ya maji". Kwa bwawa la hoteli, sawa.

Kuhusu joto la bahari, mmeahidi "maji vuguvugu kila siku, kama Malindi". Upande wa Marseille ahadi hiyo haishikiki. Upepo uitwao Mistral huvuma kutoka kaskazini ukishuka kwa bonde la mto Rhône, husukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Bahari iliyokuwa na nyuzi 24 huweza kushuka hadi 16 ndani ya siku moja au mbili, huku jua likiwaka vilevile. Kuelekea Nice na Menton upepo huo hufika umechoka. Ndiyo maana ratiba ya mtu anayeijua pwani hii huacha siku ya Cassis na siku ya mjini Marseille ziwe za kubadilishana. Yenu ilifungwa kwa tarehe, na tulipoomba kubadili, mwakilishi wenu alijibu kwamba "mfumo hauruhusu".

Porquerolles tutaipitia haraka: tangu 2021 wanaovushwa kwenda kisiwani msimu wa kiangazi wamewekewa kikomo cha watu 6,000 kwa siku, kwa hiyo tiketi za mashua hununuliwa mapema. Kulipeleka kundi kwenye gati la La Tour Fondue Jumapili ya Agosti, saa 4 asubuhi, bila tiketi, ni kuwapeleka kutazama foleni.

Ukurasa wa Antibes unashauri tuizunguke rasi kwa njia ya Tire-Poil "maji yakiwa yamepwa". Hapa, Ndugu Meneja, watu wa pwani waliomo kwenye kundi walicheka. Unguja, wakati wa bamvua, kati ya maji kupwa na maji kujaa kuna kama mita 3 au 4. Mtu huenda kwa miguu hadi karibu na mwamba. Antibes tofauti ni ndogo mno, kiasi kwamba mgeni hataiona. Hakuna kupwa kwa kusubiri. Kinachoifunga Tire-Poil ni mawimbi ya upepo wa mashariki au kusini yanayorukia njia yenyewe, na siku hizo geti hufungwa. Ni dhahiri maelezo hayo yamenakiliwa kutoka kijitabu chenu cha Zanzibar, na mtu yeyote aliyepitia rasimu angeliona.

La Nice ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa usalama. Mmeandika "mchanga mweupe, bahari tambarare, salama kwa watoto". Ufukwe wa Nice ni wa mawe ya mviringo, mengine ya ukubwa wa ngumi, yaliyoletwa tangu kale na mito Var na Paillon. Na kina huzama ghafla: hatua chache tu kutoka ukingoni mtu mzima hagusi chini. Bahari ikichafuka kidogo, wimbi huvunjikia ukingoni penyewe, mawe hukimbia chini ya miguu, na anayetaka kutoka hurudishwa kila anapojaribu kusimama. Wazazi walioletwa pale na watoto wadogo wasiojua kuogelea walipaswa kuambiwa hayo kabla. Mchanga wenye kina kidogo upo, tena kwa treni ileile ya pwani: La Salis pale Antibes, Juan-les-Pins, na Les Marinières ya Villefranche-sur-Mer, ambako mchanga ni wa chembe kubwa lakini hakuna mawe ya kuumiza. Kwa Nice kinachohitajika ni viatu vya mpira vya kuogelea na macho kwenye bendera ya waokoaji.

Kwenye ankara yenu kuna mstari unaosema "ada ya kuingia fukwe". Tunauomba ufafanuzi, kwa sababu ada hiyo haipo. Sheria ya Ufaransa ya pwani ya 3 Januari 1986 inasema matumizi ya fukwe kwa umma ni huru na bure. Wenye vibanda vya binafsi hukodisha viti na miavuli, na wanatakiwa kuacha njia ya watu kupita kandokando ya maji. Kundi halikukodi viti. Fedha hizo zilikwenda wapi?

Kijitabu pia kimewaambia wasafiri walalamike hotelini wakikuta "rundo la majani meusi yaliyooza" ufukweni. Hayo ni majani ya Posidonia oceanica, mmea wa maua unaoota chini ya Mediterania na usiopatikana bahari nyingine yoyote. Unalindwa kisheria Ufaransa tangu 1988. Rundo lake huvunja nguvu ya mawimbi ya majira ya baridi na kuzuia mchanga usichukuliwe, kwa hiyo halmashauri nyingi huliacha makusudi. Harufu ipo, hatukatai. Sentensi mbili za maelezo zingetosha badala ya kuwafanya wageni wagombane na mapokezi kwa jambo lisilo kosa.

Sasa bustani. Kwanza majira. Jalada lenu lina picha ya mimosa ya njano, na ndani mmeahidi "Sikukuu ya Limau ya Menton" kwenye ziara ya Agosti. Mimosa huchanua kati ya Januari na Machi. Sikukuu ya limau hufanyika Februari. Mimea ya tabianchi hii hupumzika kiangazi, wakati wa ukame, na huamka mvua za vuli zikianza. Agosti mgeni huenda bustanini kwa ajili ya kivuli, maumbo ya miti na mandhari ya bahari; kwa maua, aje Machi hadi Mei. Kwa kiangazi tungependekeza Domaine du Rayol, ambayo kijitabu kimeitaja kwa mstari mmoja. Bustani hiyo imepangwa kwa nchi zenye tabianchi inayofanana, kuanzia Afrika Kusini na Australia hadi Chile na California, na majira ya joto huendesha ziara ya kuogelea na barakoa kutazama uhai wa chini ya maji. Kwa maoni yetu ndiyo inayofundisha zaidi kuliko zote mlizotupeleka.

Èze: mmesema bustani ni "dakika 10 kutoka kituo cha treni". Kituo cha Èze kiko ufukweni. Bustani iko kileleni, mita 429 juu ya bahari. Kwa njia ya miguu iitwayo njia ya Nietzsche ni zaidi ya saa nzima ya kupanda kwenye mawe na jua. Kuna basi linalopanda kutoka kituoni, nalo halitajwi popote.

Val Rahmeh, Menton: mliiweka Jumanne. Hufungwa Jumanne.

Bustani za Hanbury, La Mortola, zimo upande wa Italia. Hekta 18 zilizoanzishwa 1867 na Thomas Hanbury, zinashuka kwa matuta kutoka barabarani hadi karibu na maji, na njia ya kale ya Warumi inazikata chini. Ninyi mmezipa dakika 45. Mlango wa kuingilia ndio wa kutokea, nao uko juu. Kila hatua ya kushuka italipwa kwa kupanda, kama mita 100 za mwinuko. Saa 2 ndiyo haki yake, na kwa wazee saa 2 na nusu. Matokeo yake wengi waliona tuta la kwanza na la pili, wakaitwa kwenye basi.

Siku hiyohiyo ratiba ilielekeza "pasipoti ziachwe kwenye sefu ya hoteli". Ufaransa ilirudisha ukaguzi mpakani Novemba 2015 na imekuwa ikiuongezea muda tangu hapo; treni zinazotoka Ventimiglia hukaguliwa Menton Garavan. Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo anayevuka bila pasipoti na kibali cha kuishi anaweza kushushwa na kurudishwa Italia. Kuwapa wateja wenu, hasa hawa, maelekezo hayo ni uzembe usio na utetezi.

Kwa mujibu wa Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2015/2302 kuhusu vifurushi vya safari, taarifa kuu mlizotoa kabla ya mkataba ni sehemu ya mkataba, mlipaswa kueleza iwapo safari inawafaa wenye shida ya kutembea, na huduma isiyotolewa kama ilivyoahidiwa inampa msafiri haki ya kupunguziwa bei. Kwa hiyo tunadai:

Marejesho ya gharama ya Sugiton, En-Vau, Porquerolles na Val Rahmeh kwa kila msafiri, pamoja na "ada ya fukwe" yote. Punguzo la bei kwa siku ya Hanbury. Kijitabu kiondolewe sokoni hadi kurasa za Nice na za mpakani zisahihishwe. Hizo mbili zisisubiri toleo jipya, wateja waliokwisha kulipia wapelekewe ujumbe leo. Na jina la mtu tutakayewasiliana naye, badala ya anwani ya barua pepe inayojijibu yenyewe.

Tunahitaji majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Tumeambatanisha nakala ya ankara, kurasa za kijitabu zilizowekwa alama, na ratiba iliyosainiwa na mwakilishi wenu.

Kamati ya safari