Dawa ya mionzi huanza na picha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala mliyoichapisha kuhusu dawa za mionzi zinazoifuata saratani hadi ilikojificha. Nimefanya kazi miaka mingi katika kitengo cha tiba nyuklia, nikiandaa dozi hizi na kuwapa wagonjwa, na nilifurahi kuona habari hii imewafikia wasomaji wa kawaida. Ila jambo moja liliachwa, nalo ndilo linalonichukulia muda mwingi kuwaeleza wagonjwa na ndugu zao. Hakuna anayepewa dawa hizi kwa sababu tu ana saratani ya tezi dume, au uvimbe wa aina fulani. Hupewa yule ambaye picha imeonyesha kwamba saratani yake inaikamata dawa.

Dawa ya namna hii imeunganishwa kwa vitu viwili. Kuna molekuli inayotambua alama iliyo juu ya seli ya saratani: kwenye saratani ya tezi dume ni protini iitwayo PSMA; kwenye uvimbe wa seli za homoni, ule unaoanzia mara nyingi kwenye utumbo au kongosho, ni vipokezi vya homoni iitwayo somatostatini. Kisha kuna atomu yenye mnururisho iliyofungwa kwenye molekuli hiyo. Ukifunga galiamu-68 unapata picha, kwa kuwa mionzi yake hutoka nje ya mwili na kunaswa na mashine ya picha iitwayo PET. Ukifunga lutetiamu-177, mzigo unapelekwa palepale, lakini chembe zinazotoka hazivuki milimita 2 hivi, na nguvu zao zote zinaishia kwenye seli zilizo jirani. Ndiyo maana picha ina uzito kuliko cheti chochote kilichomo kwenye faili la mgonjwa. Palipowaka kwenye picha, dawa itafika. Pasipowaka haitafika, hata dozi iongezwe vipi.

Siku chache baada ya makala yenu, mzee mmoja alikuja kusikiliza majibu ya picha yake. Kwenye simu yake alikuwa amehifadhi zile picha mbili mlizochapisha, ya kabla na ya baada, ambapo madoa meusi ya saratani mwili mzima yalikuwa yametoweka. Daktari alimfungulia picha zake kwenye skrini. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo iliwaka vizuri. Kwenye ini, ambako skani ya CT ilionyesha vivimbe vinne, palikuwa kimya. Mzee mwenyewe ndiye aliyenyoosha kidole: "Daktari, mbona hapa hapawaki?" Alielezwa polepole kwamba saratani ya kwenye ini ilikuwa imepoteza ile alama, na kwamba lutetiamu ingetibu mifupa huku ini likiendelea kuharibika. Alinyamaza kwa muda, akauliza kuhusu tibakemikali, na wakaanza kuipanga hapohapo. Kwangu hayo ni mafanikio ya kipimo, ingawa hakuna gazeti litakaloyaweka ukurasa wa mbele.

Utafiti uliofungua njia kwa dawa hii, uitwao VISION, ulitoka mwaka 2021. Wanaume 1,003 ambao saratani yao ya tezi dume ilikuwa imesambaa na kushinda tiba za awali walipigwa kwanza picha ya PSMA. Waliotimiza masharti ya picha walikuwa 869. Nusu ya waliopewa lutetiamu pamoja na matibabu yao ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3; kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake ilikuwa miezi 11.3. Miezi minne ni mingi sana kwa mtu aliyekwisha kupitia dawa nyingi, na nimewaona wagonjwa ambao maumivu ya mifupa yalipungua wakalala usingizi. Lakini hatuwezi kuita hali hiyo kupona. Makala yenu ilikaribia mno kuiita hivyo, tena bila kutaja kwamba nafuu hiyo ilipatikana kwa watu waliochujwa kwa picha.

Kuchuja huku hakukuanza jana. Mwaka 1941, mjini Boston, Saul Hertz alimpa iodini yenye mnururisho mgonjwa ambaye tezi yake ya shingo ilifanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wakaeleza jinsi iodini hiyo ilivyotibu saratani ya tezi hiyo ya shingo iliyokwisha kusambaa. Mpaka leo, saratani ya tezi isiyonyonya iodini haitibiki kwa njia hiyo, na kila anayefanya kazi hii analijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza.

Niseme pia na wanaopanga huduma, maana nao ni wasomaji wenu. Lutetiamu hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kila siku, hata ikiwa imefungiwa ndani ya chombo cha risasi. Inayeyuka kama barafu juani. Kila chupa inayofika kwetu imeandikwa saa ya kipimo, na kabla ya kumgusa mgonjwa naipima upya na kulinganisha. Dawa ya hivyo haiwekwi stoo kusubiri mashine ya picha ije kununuliwa mwakani. Nawasihi waanze na picha, na watu wa kuisoma. Galiamu-68 hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 68, lakini huzalishwa hospitalini hapohapo na kifaa kidogo kiitwacho jenereta (si ile ya umeme) kinachodumu miezi mingi. Pasipo na mashine ya PET, teknetiamu-99m, atomu nyingine yenye mnururisho, inaweza kufungwa kwenye molekuli ya PSMA na picha ikapigwa kwa kamera ya gama. Picha hiyo haina ukali wa PET, ila inatosha kuanza kuwachuja wagonjwa.

Kuhusu madhara mliandika sentensi moja tu. Tezi za mate nazo hukamata dawa ya PSMA, hivyo wengi hukaukwa na mdomo. Chembe za damu hushuka, na figo hufuatiliwa kila dozi. Wanaotibiwa uvimbe wa seli za homoni huwekewa dripu ya asidi amino ili kuzikinga figo. Sehemu kubwa ya dawa iliyobaki hutoka kwa mkojo ndani ya siku mbili za mwanzo, ndiyo maana tunasisitiza maji mengi na usafi wa choo. Kwa siku chache mgonjwa hapakati watoto wala kulala kitanda kimoja na mjamzito, kwa muda atakaoelekezwa na hospitali yake. Muda huo ukiisha, akumbatiwe. Nimeona wagonjwa wakitengwa na ndugu zao kwa majuma mengi kwa hofu ya neno mionzi, na inauma kuliko ule mdomo mkavu.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mkiirudia habari hii, wekeni ile picha yenye madoa yasiyowaka kando ya ile ya ushindi. Na kwa familia zinazochangishana fedha sasa hivi, muulizeni daktari kabla ya kutoa chochote: je, mgonjwa wetu amepigwa picha ya PSMA au ya vipokezi, na vivimbe vyote vimewaka?

Wako,
Mtaalamu wa tiba nyuklia