Tupime maji ya Usangu banioni kabla ya kumwaga zege

Mhariri,

Kila kiangazi kinapokaza, lawama za kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu huwaangukia wafugaji na wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na dawa inayotajwa upesi ni kujengea mifereji kwa zege. Mto ulianza kukatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Tangu hapo mabanio, yaani milango ya kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini, yameboreshwa, lakini vipimo bado ni haba.

Kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 hutaja kiasi cha maji. Mkulima, kwa kawaida, huchangia skimu yake ya umwagiliaji kwa ekari. Anayefungulia usiku kucha na anayefunga kwa wakati wanalipa sawa. Nani basi atahangaika kufunga?

Kupima hakuhitaji mitambo. Weka kizingiti chenye mdomo wa mstatili wa mita 1 na ukingo mkali wa chuma, kikate mfereji mkuu chini kidogo ya banio. Maji yakipita juu yake kwa kina cha sentimita 10, ni takriban lita 58 kwa sekunde. Sentimita 20 ni lita 165: kina kimeongezeka mara mbili, maji karibu mara tatu. Kosa la kawaida ni kubandika rula kwenye kizingiti chenyewe, ambako maji yameshaanza kuinama. Iwekwe nyuma, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho. Tope lizolewe mara kwa mara, na maji yaanguke huru upande wa chini. Yakipanda hadi usawa wa kizingiti, hesabu hii haifai tena.

Mpunga uliokwisha kupandikizwa hutumia kama milimita 10 kwa siku, yaani mita za ujazo 40 kwa ekari. Lita 165 kwa sekunde, mifereji isipovuja sana, zinatosha ekari 350 hivi. Skimu ya ekari 200 inayovuta kiasi hicho msimu mzima itajulikana papo hapo. Kulowesha shamba kabla ya kupandikiza ndiko kunakomeza maji, karibu mita za ujazo 800 kwa ekari, kwa hiyo majaruba yaloweshwe kwa zamu, wakulima wasianze wote wiki moja.

Kuhusu zege: maji mengi yanayovuja masika hurudi mtoni au huokotwa na wakulima wa chini. Hasara ya kweli ni ya kiangazi, maji yanapoachwa yatambae na kukaushwa na jua kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Banio likifungwa na maji hayo yakavuka kinamasi cha Ihefu, huzungusha mitambo ya umeme Mtera, Kidatu, na sasa Bwawa la Julius Nyerere. Mita moja ya ujazo inazalisha umeme mara tatu. Sioni zao la kiangazi linalolipa kiasi hicho, sembuse shamba tupu.

Wanaopinga kufunga mabanio kiangazi wana hoja moja nzito: vijiji vingi huchota maji ya nyumbani mferejini. Lakini lita 5 kwa sekunde ni lita 432,000 kwa siku, zinazotosha watu 10,800 kwa lita 40 kila mmoja. Zipitishwe kwenye bomba hadi vijijini, maana kwenye mfereji wa udongo zitanywewa njiani, na fedha za zege zianzie hapo.

Mhandisi wa umwagiliaji,
Mbeya