Barua kwa mpwa wangu aliyeachwa na boti

Mjomba,

Assalaam aleikum. Jumatano ile nilikuwa gatini hapa Lamu nangojea mbao zangu kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Nikakuona watoka mbio kichochoroni, begi begani, kiatu kimoja hakijafungwa, na boti yako ishafika katikati ya mkondo. Basi la Mombasa huko ng'ambo lisingekungoja. Mabaharia wakakucheka, nawe ukacheka nao. Kicheko kile nakijua. Nimekicheka miaka arubaini.

Usiku nilipopita kwenu mama yako bado alikuwa na hasira: "Mtoto huyu hana akili hata ya kukamata boti!" Nikanyamaza, nikanywa chai yangu. Kunyamaza kule kumenikera wiki nzima. Naandika hadharani kwa sababu barua ya siri ningeisahau kuituma, na kwa sababu najua mji huu hatuko wawili peke yetu.

Nina miaka 46. Miaka mitatu nyuma daktari wa akili huko Mombasa aliniambia nina ADHD, yaani shida ya kuongoza umakini na kuzuia papara. Mimi nikidhani hayo ni mambo ya watoto wa Kizungu wasiotulia darasani. Akanieleza kuwa ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na wengi huingia nayo utu uzima: katika watu wazima 100, wawili au watatu hivi wanayo. Hakunitoa damu wala hakunipiga picha ya kichwa, maana hakuna kipimo cha aina hiyo. Alinihoji tu, na akahoji haswa. Madrasani nilikuwaje? Kazini je, na nyumbani? Dalili zilikuwapo kabla sijatimiza miaka 12? Akataka na ushahidi wa mtu aliyenilea, tukampigia bibi yako. Bibi yako akaangua kicheko: "Huyo? Nilikuwa nikimtuma chumvi, arudi na paka."

Halafu likaja la urithi. Kumbe ADHD hupita kwenye damu karibu kama urefu wa mwili unavyopita. Hapo nikamkumbuka babu yako nahodha, Mungu amrehemu: aliyeweza kwenda Kizingitini usiku wa giza akitazama nyota, lakini hajui kofia yake iko wapi.

Sasa nikwambie habari ya mlango, kwa sababu ndio uliofanya niende kwa daktari. Mteja mmoja wa Shela aliniagiza mlango wa mbambakofi, akatoa arubuni nzuri. Nikaanza na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Siku nne, mjomba, patasi haikutoka mkononi. Chakula kikiletwa chapoa, mtu akiniita sisikii. Mfaa ule ukitazama maua yake utadhani yanapumua. Kisha ikabaki miimo miwili, zile nguzo za pembeni, yenye mchoro ule ule, wa kurudiarudia, na nikashindwa kuigusa. Miezi saba! Kila asubuhi najiambia leo, kila jioni nafagia karakana, natengeneza baiskeli ya mtu, nanoa patasi ambazo zishanolewa. Pesa nikaila. Mteja akaja, akautazama mfaa, akanitazama mimi, akaondoka bila kunitukana. Afadhali angetukana.

Ndipo nikaelewa kwamba watu wanaosema hatuna umakini wanakosea. Umakini tunao tele, ila usukani wake si mwepesi. Jambo likiwa jipya, likiwa tamu, au likiwa limekukaba koo, ubongo huwaka. Likiwa muhimu tu, basi, hauwaki. Daktari alizitaja dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka habari ndani ya ubongo, na akasema kwetu sisi hazifanyi kazi sawasawa kama kwa wengine. Mwanamume wa miaka 43, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Jingine ni saa. Dada yako aliniambia Jumatano uliamka kabla ya kila mtu, ukakaa kutengeneza feni ya bibi. Bila shaka. Kwetu sisi kuna sasa na kuna si-sasa, na boti ilikuwa bado iko si-sasa, hadi ulipoisikia mashine yake.

Simu yangu ilikuwa na kengele kumi na moja. Nilikuwa nazizima zote kama mtu anayefukuza nzi. Lakini adhana huwezi kuizima, na mji wetu una misikiti ya kutosha, Alhamdulillah. Basi nikaacha kupanga kazi kwa saa ya ukutani. Baada ya Alfajiri, kabla ya chai, nahesabu pesa. Baada ya Adhuhuri nawapigia wateja simu, hata kama sina jipya la kuwaambia. Alasiri hadi Magharibi ni ya kazi ile nisiyoipenda. Kwa safari nahesabu kinyumenyume: boti saa kumi na mbili na nusu, gatini saa kumi na mbili, na begi lilale mlangoni tangu usiku, mahali ambapo huwezi kutoka bila kulikanyaga. Feni isiguswe.

Mbinu ya pili niliiona kwa bibi yako. Umewahi kumwona akisuka ukili peke yake? Hutamwona. Wanakaa watano ukumbini, kila mmoja na ukili wake, hakuna anayemsaidia mwenzake, na mikeka inakwisha. Nikamwomba mzee mmoja jirani aje akae karakanani kwangu jioni. Hajui kuchonga. Anakunywa kahawa, anasema watu. Lakini akiwapo, mkono wangu hauhami. Miimo ya mlango uliofuata niliimaliza kwa siku tisa.

Funguo, kitambulisho na pochi nimezipa msumari mmoja, na ole wake atakayetundika shati hapo.

Na miraa. Usijifanye hujui ninachosema. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo, ndiyo maana ukitafuna unahisi kichwa kimekaa sawa. Nilitafuna miaka tisa nikidhani napenda baraza, kumbe najitibu bila kipimo, na usiku silali, na kesho yake kichwa kibovu zaidi. Dawa niliyoandikiwa, methilifenideti, nayo huchangamsha, ila ina kipimo, na kuna mtu anayenifuatilia mapigo ya moyo na presha. Imenipunguzia hamu ya kula, na kila Ramadhani ikikaribia narudi kwa daktari tupange upya. Haikunifundisha kupanga mambo. Imenipa kale kanafasi kati ya kuwaza na kukurupuka. Si kila mtu humfaa, na usimeze ya mtu mwingine, hata yangu.

Watakwambia ni jini, watakwambia ni kijicho. Kasomewe, dua haina hasara. Ukishasomewa, panda boti ukamwone daktari. Mimi ni fundi milango tu; huenda wewe tatizo lako ni usingizi, au tezi ya shingo, au huzuni uliyoificha, vyote vinaweza kufanana na hili. Ajue anayejua.

Ile barua ya onyo uliyopewa kazini, najua unayo na najua hujamwonyesha mama yako. Huna haja ya kumtajia bosi wako ADHD wala kingine. Akikuagiza kwa mdomo, mwambie, "Nitumie kwa ujumbe, nisikosee." Na akikupa kazi ya mwezi mzima, mwombe akuulize kila Jumatatu umefika wapi. Aibu kidogo ya kila Jumatatu ni rahisi kuliko ile ya mwisho wa mwezi.

Kwa mama yako nitakwenda mwenyewe. Ni dada yangu, ananisikiliza akishakula.

Njoo karakanani kesho baada ya Alasiri, uje na hiyo barua. Sitakuhubiria. Utakaa na karatasi zako, mimi nitakuwa na mwimo wa kulia, mzee atakuwa na kahawa yake. Ukifika usinikute, nitakuwa nimesahau. Niulizie kwa fundi redio, nilipita kwake jana kuangalia kitu kidogo tu.