Jukwaa lipangwe kuanzia kwa mpiga ngoma

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaambie waandaaji wa matamasha ya Kampala na Jinja jambo moja: mnapopanga jukwaa, anzeni na mpiga ngoma. Akikaa pasipofaa, mchezo mzima huharibika, hata spika ziwe kubwa namna gani.

Mfano mzuri ni Wagarifuna, kizazi cha Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha St Vincent, ambao Waingereza waliwafukuza mwaka 1797 na kuwatelekeza Roatán, Honduras. Leo wanaishi pwani za Honduras, Belize, Guatemala na Nicaragua. Wengi wamehamia New York, na kiangazi ngoma zao husikika kwenye matamasha ya mjini. UNESCO iliutambua urithi wao wa lugha, muziki na ngoma mwaka 2001.

Ngoma kuu ni mbili. Segunda ni kubwa, hushika mdundo mmoja bila kuyumba. Primera ni ndogo, na ndiyo inayozungumza. Katika wanaragua, mchezo wa vinyago wa msimu wa Krismasi, mchezaji hafuati ngoma, ngoma ndiyo humfuata yeye. Amefunga njuga za makombe ya baharini magotini, na mpiga primera hamwondolei macho miguuni, ili kila kishindo kipate pigo lake papo hapo. Ukimkalisha nyuma, safu ya wachezaji imkinge, atapiga kwa kubahatisha. Mahali pake ni pembeni mbele, hatua tatu hivi kutoka kwa mchezaji, pasiwe na spika katikati. Tena wachezaji huingia mmoja mmoja. Dakika 10 wanazopewa vikundi huisha mchezo haujakolea.

Kosa jingine hufanyika kwenye mitambo. Juu ya ngozi ya ngoma hizi hupitishwa nyuzi, mara nyingi za waya, ambazo huipa sauti mkwaruzo wake. Fundi asiyejua hudhani maiki ni mbovu, anaufuta mkwaruzo huo, na ngoma inabaki kudunda kama godoro linalochapwa fimbo. Endongo, kinubi cha Baganda, huumizwa vivyo hivyo, kwa kuwa nyuzi zake zimetegwa makusudi zigusane na ngozi ya kenge. Fundi aelezwe kabla ya kujaribu sauti. Maiki moja ikae shubiri moja kutoka ukingo wa ngozi, nyingine chini kwenye uwazi wa segunda, maana besi hutokea huko. Ya tatu iwekwe karibu na sakafu kwa ajili ya njuga, na zulia liondolewe.

Hali ya hewa nayo isisahaulike. Juani ngozi hukaza na sauti hupanda, na unyevu ukizidi hulegea. Ngoma zikae kivulini, zirekebishwe dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Vikundi vyetu hukaza ngozi kwa moto wa majani makavu. Watengewe kona nyuma ya jukwaa, na ndoo ya mchanga iwepo, badala ya kufukuzwa na walinzi.

Bigwala, muziki wa mabaragumu ya vibuyu wa Busoga, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, inadai uangalifu zaidi. Kila baragumu la kibuyu lina sauti moja tu, na wimbo hupatikana wapulizaji watano au zaidi wakipokezana. Ukimsogezea maiki mmoja wao, wimbo umekufa. Na kwa kuwa huzunguka huku wakipuliza, maiki zitundikwe juu.

Washereheshaji nao waache kuitangaza punta ya Wagarifuna kama shindano la kukata viuno. Ni kweli nyonga hukimbia huku kifua kimetulia na nyayo zikiburura, lakini hiyo ni ngoma ya matanga, huchezwa katika mkesha wa kumuaga marehemu. Bamasaba wanaelewa uchungu wa kuona kadodi, ngoma ya tohara, ikikodiwa kupamba mikutano ya siasa. Dügü, ibada ya Wagarifuna kwa mizimu ya wazee wao, isiombwe jukwaani kabisa.

Mwezi mmoja kabla ya tamasha, waandaaji wakiulize kila kikundi, cha hapa au cha ng'ambo: ngoma ngapi, nani anamtazama nani, mnahitaji moto, na ni mchezo upi msiotaka tuuombe. Majibu hayo apewe fundi mitambo na mshereheshaji kabla ya yeyote kufunga waya.

Wapiga ngoma,
Kampala